Mzaramo Amebeba Mzigo

Mtani wangu Nyamizi,

Mpagazi wewe, habari ninayo, tena nzito, ila sikupi upesi. Wewe ndiye ulianza. Ulikuwa unanipigia simu niko kazini Eden Prairie, unasema, "Tatu, nina habari," halafu unakata. Nakaa saa nzima roho juu, kumbe umenunua sufuria. Leo zamu yangu. Tulia hapo ulipo, usubiri.

Nakuandikia nikiwa ndani ya Mzigo. Ndiyo, kampa yako, hilo gari lenye kitanda na jiko na choo cha kuingia kwa ubavu. Nimeliegesha palepale ulipoliacha, mbele ya gereji yenu Maple Grove, na bado sijaliosha. Lina vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Baba Kabula alitoka na mpira wa maji nikamwambia asithubutu, nataka kuliangalia hivihivi walau siku mbili. Nyamizi, tumekwenda! Tumefika Utah, kwenye makorongo yako, yale uliyobandika picha zake kwenye friji ukisema kila mwaka, "Majani yakigeuka rangi tu, tunaondoka." Majani yakageuka miaka mitano, na kila mwaka ilikuwa kazi, au mafua ya mtoto, au theluji iliyowahi. Safari hii tumekwenda mimi, mama yako, na Kabula wako, ambaye ametimiza miaka kumi na mbili na ananipita kimo, na hanifichi kwamba anafurahia hilo.

Lakini lazima nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nimefurahi hivi.

Siku ya mazishi yako nilishindwa. Wewe na mimi tunajua kazi ya mtani msibani. Mnyamwezi akifa, Mzaramo ndiye wa kuwachekesha wafiwa: aige mwendo wa marehemu, alizuie jeneza, aseme huyu hajafa bali amekwepa kuosha vyombo. Wachaga wamejaa mji huu, Wahaya wapo, lakini Mzaramo wako nilikuwa mimi peke yangu, Minneapolis na Saint Paul zote. Na nilijiandaa, usidhani sikujiandaa. Nilikuja na koti lako jeupe la maabara kwenye mfuko, na ile miwani yako ya zamani. Nilipanga kulala mbele ya gari la maiti niseme Mnyamwezi hapandi gari, ateremke atembee mpaka Tabora na mzigo kichwani kama babu zake. Kisha nikaliona jeneza. Theluji ya Aprili ilikuwa inaanguka juu yake na hakuna aliyekuwa anaipangusa. Koti likabaki mfukoni. Nililia mpaka nikashikiliwa na watu wawili.

Mama yako alikuwa amefika jana yake kwa ndege tatu. Pale makaburini akauliza, "Mtani wake hapa ni nani?" Watu wakanionyesha mimi, nimesimama na makamasi yangu. Hakunikaripia. Aliniangalia tu, akasema, "Basi mwanangu amezikwa kimya."

Nyamizi, afadhali angenipiga kofi.

Tangu hapo hakucheka. Miezi sita amekaa kwako, amepika, amemsuka Kabula, amesali, amepanga hata droo zako za soksi. Ukimsalimu anaitika vizuri, ukimpa chai anashukuru. Lakini kicheko hakuna, hata cha adabu, na mimi sikuwahi kumwona kabla ya hapo, kwa hiyo nikawa simjui akicheka anakuwaje. Muda wake wa kukaa nchini ukawa unaisha, tiketi ikakatwa ya Jumanne. Nikajua akipanda ndege vile, ndiyo basi tena. Mama mtu mzima, Tabora mbali, nitamwona wapi? Nikajiapiza kwamba hapandi ndege kabla hajacheka.

Ile likizo fupi ya shule ya Oktoba ilipofika nikamwombea Kabula siku nyingine chache za ruhusa, kisha nikamwomba Baba Kabula funguo. Yeye hakupata ruhusa kazini. Alinipa funguo kwa mikono miwili, akanifundisha kugeuza kwenye uwanja wa maduka Jumapili asubuhi, na akasema, "Shemeji, breki ya mkono hiyo inataka ukali." Mtani, ulikuwa unaliendeshaje gari hili? Ukikata kona, vijiko vinakata kona dakika moja baadaye.

Iowa nzima nilifanya utani. Nilimwambia mama yako kwamba nchi tambarare hivi ingewafaa Wanyamwezi, mnatembea hata mkisinzia. Akasema, "Mm." Nebraska nikakuiga ulivyokuwa unanielekeza kurudisha gari nyuma, "Kushoto! Siyo kushoto kwako, kushoto kwangu!" Akasema, "Mm," akageukia dirishani. Kila asubuhi nilimwamkia, "Mwangaluka, Mama," kwa Kinyamwezi cha lafudhi yangu ya Temeke, ambayo wewe ulikuwa ukiisikia unaanguka sakafuni. Akaitikia bila hata kuinua nyusi. Akisonga ugali, king'ora cha moshi kinalia, tunafungua milango yote na kupepea kwa khanga, na Kabula anasema, "Every time Bibi cooks, the car screams." Nilicheka mimi peke yangu. Mtoto naye aliniangalia kwenye kioo akasema, "Auntie, you're trying too hard." Kiswahili anakisikia chote, ila unavyomjua, ukimtupia Kiswahili anakurudishia Kiingereza.

Halafu tukafika.

Ai, Nyamizi! Picha zako za friji zilikuwa za uongo, zilipunguza. Unaendesha kwenye nchi kavu isiyo na kitu, unapanda kidogo, mara ardhi inaisha mbele yako, na chini huko kuna kuta nyekundu zimesimama, nyingine zina matundu ya kupitisha nyumba, na kwenye kitako cha korongo kuna mstari wa miti ya manjano kufuata maji. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, nikapigiwa honi. Kabula alikuwa ameshateremka anapiga kelele, "Bibi, look! Bibi!" Mimi nilichungulia lile korongo mara moja nikakaa chini, maana magoti ya pwani hayakuumbwa kwa mambo yale. Mama yako alikwenda mpaka kwenye uzio, akaokota udongo, akausugua kwa vidole, akatazama kushoto na kulia. Akasema, "Hapa ni Ugogo bila Wagogo." Nikamwangalia haraka usoni. Wapi.

Siku tatu zikaisha. Tuliona makorongo mengine mawili, moja jembamba mpaka unagusa kuta zote mbili kwa mikono. Kabula alipiga picha mia ngapi sijui. Mimi nilikuwa na furaha na hofu, vyote pamoja, kwa sababu kesho yake ilikuwa lazima tugeuze gari.

Asubuhi hiyo ya mwisho tanki la Mzigo likawa limekauka. Nikaenda kwenye bomba la pale kambini, limefungwa. Kumbe msimu huo ukifika wanafunga maji yasije yakaganda kwenye mabomba. Lililobaki wazi lilikuwa moja tu, chini kabisa, inapoanzia njia ya kushukia korongoni. Ningeweza kuwasha gari tu. Nilishika hata ufunguo. Kisha nikaliona dumu lako la bluu chini ya kiti, na maneno yako yakanijia.

Unakumbuka? Kila tukitoka sokoni, wewe na mifuko minne, mimi na funguo, ulikuwa unasema, "Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, nyinyi mmekaa barazani mnatafuna muhogo mnatucheka. Iko siku Mzaramo atabeba mzigo wa Mnyamwezi, na mimi nitakaa nitafune muhogo."

Nikarudisha ufunguo. Nikawaambia, "Twendeni kwa miguu."

Nilijaza dumu nusu, na hiyo nusu ibaki siri yetu. Nikachukua khanga yako ya njano niliyoikuta kwenye droo ya Mzigo, nikaizungusha kata ya kuwekea mzigo, nikaiweka kichwani. Mzungu mmoja mzee mwenye fimbo mbili za kutembelea alinisaidia kutwika. Akaniuliza mara mbili, "Are you sure?" Nikamwambia sure. Mtani, mimi nimezaliwa bomba liko uani, dumu kichwani nililiona kwa jirani. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu dumu likaenda kushoto, mimi kulia, na maji ya baridi yakaniingia mgongoni yakashuka mpaka kwenye soksi. Nikapiga yowe, "Mama weee!" na lile jabali la ng'ambo likaitika, "Weee!" Lakini sikuliachia. Kabula alijifunika uso, "Oh my God, people are watching."

Nikageuka kumwangalia mama yako. Alikuwa amekaa juu ya jiwe. Ametoa kwenye pochi yake ile pakiti ya kaukau, vile vipande vikavu vya muhogo wa kukaanga, aliyoinunua duka la Waafrika kabla hatujaondoka, na ambayo njia nzima hakuifungua. Akaipasua taratibu. Akatia kimoja mdomoni, akatafuna, akanitazama kuanzia kwenye kata mpaka kwenye soksi zilizolowa.

"Beba, Mzaramo," akasema. "Mwenyewe hayupo. Muhogo wake namlia mimi."

Kumbe ulimwambia! Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unampigia simu Tabora unanisengenya! Hapo kitu kikafunguka kifuani mwangu. Nililitua dumu katikati ya njia nikasema, "Hapiti mtu!" Yote ya Aprili yakatoka. Nikasema Nyamizi hajafa, amejificha ili asirudishe bakuli zangu. Nikatembea mwendo wako, kidevu juu, unasukuma miwani kwa kidole kidogo. Nikashika jiwe nikaliweka sikioni, nikasema, "Tatu, nina habari," nikakata. Nikalala chali njiani, nikasema sinyanyuki mpaka Wanyamwezi wakiri kwamba mzigo huu ni mzito kuliko yote waliyowahi kubeba. Na kwa kweli ni mzito, Nyamizi, nilikuwa nalia huku nafanya hayo, ila safari hii machozi hayakunifunga mdomo.

Na mama yako akacheka.

Haya, habari ndiyo hiyo. Amecheka! Na siyo hivyo tu. Ni kicheko chako. Kile cha kuanza bila sauti, mabega yanatikisika, halafu kinakuja kile kikoromo, halafu ndiyo mlio wenyewe. Nilijua siku zote kwamba kile kikoromo ni chako peke yako, kumbe ulipewa. Kiligonga jabali kikarudi kwetu, na kwa muda kidogo mkawa wawili mnacheka.

Kabula alikuwa ametoa mikono usoni. Alisimama kama ameitwa jina. Akamwendea bibi yake, akamshika goti kwa mikono miwili, akasema, "Bibi, cheka tena."

Kwa Kiswahili, Nyamizi. Hakuna aliyemwambia.

Mama yako alifuta macho kwa ncha ya khanga, akampa mtoto kaukau. Akaniambia, "Amka, mwanangu, utapata baridi." Halafu akaifungua ile kata yangu, akaniuliza kama nilikuwa nafunga jeraha au nafunga kata, akaisuka upya, akalitwaa dumu. Alipanda nalo mpaka kambini hakumwaga hata tone, na mazungumzo juu. Karibu na gari akasimama, bila kugeuka, akasema, "Sasa mwanangu amezikwa."

Leo asubuhi tumempeleka uwanja wa ndege. Pale wanapoaga watu alinishika mkono akasema nikienda Tabora nitakuta mizigo imepangwa mlangoni inanisubiri. Nikamwambia aandae na nazi na mvua, kwa sababu Mzaramo ni mtu wa pwani, bila nazi na maji hatembei. Akacheka tena kidogo, akaenda zake.

Nina hamu na wewe, mpagazi. Bado simu ikiita saa nne, saa yako ya kunipigia, naichukua haraka. Lakini nimefurahi kiasi kwamba ilibidi nije nikae humu garini nikwambie wewe kwanza, kama zamani.

Sasa ahadi yangu. Gari hili haliuzwi, Baba Kabula amekubali. Majani yakigeuka mwakani mimi na Kabula tunakwenda makorongo yaliyobaki kwenye friji, na njiani ataniongelesha Kiswahili, hata kama ni cha kunitukana. Na Tabora nitakwenda, nitambebea mama yako dumu, dumu zima, mbele ya ukoo wenu wote, wakae wale muhogo.

Mungu akulaze pema. Umetembea sana na mzigo huo. Tua, mtani, nimeupokea.

Wako,
Tatu