Folda ya Maji

Jumatatu, 3 Februari 2025

Stima ilipotea asubuhi, ikarudi, ikapotea tena. Jenereta ikakohoa weee mpaka ikashika. Siku kama hizi najua kabisa kitu kitaharibika, na kikiharibika jina ni langu, fundi wa kompyuta wa shirika. Nkirote! Nkirote, njoo uone!

Leo alikuwa Qabale. Folda ya maji haifunguki, kompyuta inamwambia hana ruhusa. Hana ruhusa – yeye! Folda ni ya kwake. Mwaka mzima amezunguka Ijara na wachungaji, kisima hadi kisima, bwawa hadi bwawa, akiandika wapi kuna maji, wapi yameingia chumvi, wapi watu wamegombana kwa hivyo usipeleke mifugo. Watu wetu wa vijijini wanatuma habari kwa simu na zinaingia humo moja kwa moja. Mchungaji akipiga, Qabale anafungua folda, anamwambia aelekee wapi. Kiangazi hiki simu yake hailali.

Nikaanza na waya. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha paswadi. Nikamhamishia kwenye mashine ya mwenzake, Saynab. Pale kwa jina la Saynab inafunguka vizuri, kwa jina la Qabale inakataa. Basi si waya, si mashine. Nikaingia kwenye seva. Jina lake halimo kati ya wanaoruhusiwa. Limetoka tu, kama jino. Nikalirudisha, folda ikafunguka.

"Allah akubariki, mdogo wangu," akasema, tayari simu iko sikioni.

Nimemwambia ni mambo ya stima. Lakini stima tangu lini ikachagua majina?

Jumanne, 4 Februari 2025

Limetoka tena. Nimelirudisha. Baada ya adhuhuri limetoka tena!! Nimekagua virusi, nimekagua kila kitu. Hakuna. Nimeuma kucha mpaka nikajitoa damu.

Jumatano, 5 Februari 2025

Sasa jina la Saynab nalo limetoka. Na la Liban. Hao watatu ndio idara nzima ya maji. Watu wa lishe wako sawa, uhasibu wako sawa, hata dereva anafungua ratiba yake bila shida. Nimetembea kutoka chumba cha seva mpaka mezani, kutoka mezani mpaka chumba cha seva, hadi Liban akaniuliza kama natafuta kupunguza uzito.

Nikampigia Musyoka, mkubwa wangu wa kompyuta huko makao makuu Nairobi. Kwa kawaida lazima anitanie kwanza – Garissa bado hamjachomeka? Leo hakuna utani. Nimemweleza yote, akasema niache hiyo kwanza. Niache vipi, watu hawafanyi kazi? "Wacha tu, Nkirote. Ongea na bosi wako." Akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Korongo mmoja alikuwa ametua juu ya ukuta wa ofisi, mabega juu, ananitazama kama mtu aliyekuja matanga.

Sipendi hii kitu.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Seva inakumbuka kila kitu, ukijua pa kuangalia. Nimeangalia. Majina hayakutoka yenyewe. Yametolewa kutoka Nairobi, mchana kweupe, na akaunti ya Musyoka. Kila nikirudisha, anatoa.

Nikaenda kwa Abdimalik, mkurugenzi wetu. Nikamwekea ushahidi mbele yake. Aliinuka akafunga mlango mwenyewe, na yeye si mtu wa kufunga mlango. Wafadhili wamesimamisha pesa. Idara ya maji inafungwa. Qabale, Saynab, Liban – wote watatu. Barua zinaandikwa Nairobi, zitafika wiki ijayo inshallah. Inshallah! Kwa jambo kama hili! Na huko makao makuu wameamua watu wafungiwe mafaili kwanza, barua zifuate.

Nikamuuliza kama wao wanajua. Akatikisa kichwa. Anasema ndiye aliyemtoa Qabale Wajir akamleta hapa, hawezi kumwambia hivi hivi, anataka awe na barua mkononi, amkalishe, ampe heshima yake. Alikuwa anasema kweli, nilimwona. Jicho lake lilikuwa jekundu.

"Mpaka hapo, waambie ni network," akasema. "Watu wa hapa wamezoea network kupotea. Hawatauliza."

Nikasema sawa. Nikasema sawa! Mdomo ulinitangulia.

Nikamwambia Qabale seva ya Nairobi ina shida, watu wanaishughulikia. Unajua alinijibu nini? "Pole, Nkirote. Unahangaika sana kwa ajili yetu." Pole kwangu mimi.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Kabla watu hawajatoka kwenda msikitini, Nunow alipiga. Ni mchungaji wa Kotile, sauti yake ofisi nzima inaijua kwa sababu anaongea kwenye simu kama anamwita mtu ng'ambo ya Tana. Qabale akaweka spika.

"Abaayo! Dada Qabale! Ng'ombe imechoka. Huku imekwisha kabisa. Maji iko wabi?"

Qabale akanigeukia. "Imerudi?"

"Bado."

Akafumba macho. Nilimwona anatembea huko ndani ya kichwa chake, njia kwa njia. Halafu akamwambia aelekee bwawa la Hara. Mara ya mwisho alipopita maji yalimfika mtu kiunoni. Waende polepole, wasafiri wakati wa baridi, ndama wasiachwe nyuma. Nunow akamwombea dua ndefu, simu ikakatika katikati ya dua.

Folda ilikuwa wazi kwenye mashine yangu. Wazi! Imejificha nyuma ya barua pepe tu. Ningebonyeza mara moja ningejua habari za Hara. Lakini ningebonyeza ningesema nimejuaje? Nikashika mausi, nikaiachilia.

Nimetembea mpaka nyumbani mtaa wa Iftin, sikumbuki nilipita wapi. Jirani amenisalimia mara mbili, ameniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimefua nguo. Nimefua na zilizokuwa safi. Nikaandika ujumbe kwa Qabale, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Kabla ya saa sita nikashindwa, nikaenda ofisini. Nikamdanganya askari wa lango kwamba nimesahau chaja. Siku hizi uongo unanitoka kama jasho.

Nikafungua. Bwawa la Hara. Habari iliingia Alhamisi, imetumwa na mtu wetu wa huko: maji yamekwisha, limebaki tope, mifugo inanasa, msilete.

Alhamisi! Ilikuwa pale wakati Qabale amefumba macho.

Namba ya Nunow – hapatikani. Tena – hapatikani. Nikatoka mbio, nikashika boda hadi kwa Qabale. Nilimkuta uani amechuchumaa, anafukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi wa kuni, shungi amelifunga kiunoni. Akafurahi kuniona. Akataka kuniwekea chai. Nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, bila mpangilio: Hara ni kavu, folda haikuharibika, Nairobi, idara, barua.

Aliweka kibuyu chini taratibu.

"Kumbe si folda imefutwa. Ni mimi."

Akafungua shungi kiunoni, akajifunika kichwa.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

Akanitazama. Si kwa hasira, ningependa iwe hasira. "Nunow alipiga Ijumaa," akasema.

Halafu akaniacha pale kama stuli na kuchukua simu. Akampigia mwalimu wa Kotile, kwa Kisomali, haraka haraka. Nilishika maneno machache tu – pikipiki, Hara, Nunow. Mwalimu amtafute mtu wa boda awafuate ng'ombe kabla hawajafika. Alipomaliza akaniuliza maji mengine yako wapi karibu na Hara. Sikukumbuka! Nilikuwa nimesoma Hara tu nikakimbia. Nikarudi ofisini na boda, nikakuta imefungwa, askari ameenda zake na funguo, simu yake imezimwa.

Chai sikunywa. Hakunipa, na alikuwa na haki.

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimekaa kanisani, sikusikia hata somo moja. Simu mapajani, mwanga umepunguzwa. Mama mmoja pembeni akanifinya.

Mchana Qabale akanipigia. Sikutegemea. Mtu wa boda aliwakuta wameshafika Hara. Ng'ombe walinusa unyevu wakatimka, hawakushikika, wakaingia kwenye tope. Nunow na watu wake wamevuta kwa kamba tangu jana jioni. Wengine wametoka. Wengine wameachwa humo. Nunow mwenyewe ni mzima, ila sauti imemkauka.

"Ameuliza nini?" nikasema.

"Ameuliza kile kile. Waende wapi."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. Hataki hiyo leo. Anataka kujua kesho ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Naandika hapa hapa mezani, ubavuni mwa Qabale.

Alikuwa langoni kabla ya askari kufungua. Baibui safi, hina mpya vidoleni – kama anayekwenda harusini. Hakusalimia mtu. Akaja akavuta kiti changu, akakaa, akaniambia, "Fungua."

Kwa jina lake wangetoa tena. Nikafungua kwa jina langu. Nikamwachia mausi. Maagizo niliyopewa nayajua. Sikuuliza mtu.

Wa kwanza Nunow, kupitia simu ya yule wa boda. Kuna kisima cha pampu upande wa machweo, habari ya jana, maji yapo, mwenye funguo ni fulani. Nunow akarudia neno kwa neno kwa ile sauti yake iliyokauka. Qabale akamwambia kitu kwa Kisomali, taratibu – nilishika Alhamisi na Hara tu. Halafu kilio huko upande wa pili. Sijawahi kumsikia mzee wa makamo yake akilia. Qabale akasubiri mpaka akamaliza. Akanionyesha kwa kidole, akasema kwenye simu, kwa Kiswahili ili nisikie: "Huyu hapa. Anaitwa Nkirote. Iko siku atakuja kwako, atakaa chini na wewe, aseme mwenyewe." Sijui kama Nunow amekubali. Sijui mimi nitakwenda na uso gani.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Akampigia mwingine. Na mwingine. Kila mchungaji aliye na namba yake, anamsomea yote ya upande wake – maji matamu, maji ya chumvi, mwenye funguo, pa kuepuka – na kumwambia amsomee jirani yake. Saynab alipofika alisimama akasikiliza, akauliza nini hiki. Qabale akamweleza kwa sentensi mbili. Saynab aliketi, mkono mdomoni. Baadaye akavuta kiti karibu, akatoa simu yake. Liban naye. Sasa wako watatu kwenye skrini yangu moja, wanasoma kwa zamu, chumba kinavuma kama mnada wa mbuzi.

Musyoka anapiga. Simu yangu inatembea yenyewe juu ya meza. Nimeilaza kifudifudi. Inapiga tena. Ameshaona, lazima ameona. Akitaka kuikata hii akaunti ni kazi ya dakika.

Abdimalik ameingia. Ana bahasha tatu, zimekuja na basi la asubuhi. Amenitazama kwanza, nikatazama chini, halafu nikainua macho. Akasema, "Qabale, dada yangu, naomba tukae ofisini kwangu kidogo."

Qabale hakugeuka. Ameinua kidole kimoja – ngoja – na anaendelea kusoma. Abdimalik amesimama mlangoni na bahasha zake. Haingii, haondoki.

Qabale amefika kwenye visima vya kando ya mto, upande wa Masalani. Bado ni vingi. Simu yangu inapiga tena, naiacha ipige.