Maji ya Wageni

Vudee, Same

Mdogo wangu Filemoni,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Goti la mama linaendeleaje? Na ile mihogo ya bondeni, ngedere wamewaachia chochote? Mimi mwili upo, ila mgongo unalalamika. Huku ni kuchimba mitaro kwenye mawe, na mvua ikinyesha mtaro unajaa tope tunaanza upya. Baridi ya milima hii ya Upare ungeionja, usingenicheka tena kwa kulala na koti.

Nimeandika kwa sababu simu nimeishindwa. Nimempigia Jeni, akisema "baba" tu nakata. Filemoni, sitafika kwenye harusi ya mwanangu. Naomba usimame wewe mahali pangu. Ngoja nikueleze, usije ukasikia kwa watu kwamba nimepata mwanamke huku.

Kazi yetu ni kutega chemchemi na kuteremsha bomba mpaka vitongoji vya chini. Kabla ya kukabidhi mradi, maji lazima yapimwe. Yakiwa safi, tunalipwa na kila mtu anakwenda kwao. Mpimaji, kijana mpole tu, alipanda kutoka Same siku ya mvua kubwa. Njia ya kwenda kwenye chanzo ilikuwa imeporomoka, basi akaingia nyumba iliyo karibu, kwa Bibi Nakijwa, akaomba maji yaliyochotwa pale chemchemi. Bibi akamjazia chupa. Majibu yakaja: maji safi. Tuliimba, Filemoni. Nilifua suruali ya harusi nikaianika juu ya mawe.

Nikaenda kumuaga yule bibi, maana ametutunza kama watoto wake. Mkaza mwana wake alikuwa anarudi kutoka zahanati, mtoto mgongoni, macho yamezama kwa kuharisha. Nikaomba maji ya kunywa.

"Kunywa, mwanangu. Haya ni ya wageni."

"Ya wageni ndiyo yapi?"

"Yaliyochemshwa. Mgeni hapewi maji mabichi nyumbani kwangu. Hata yule kijana wa chupa nilimpa haya haya."

"Bibi, yule alitaka ya chemchemi!"

"Kwani haya nimeyatoa wapi, Arusha?" Akacheka.

"Na nyie wenyewe mnakunywa yapi?"

"Mabichi. Kuni za kuchemshia ukoo mzima nitazitoa wapi, na msitu wenyewe haturuhusiwi kuugusa?"

Nilikaa kwenye jiwe pale nje. Aliyesikia ni mimi peke yangu. Ningenyamaza, kesho yake ningekuwa kwenye basi. Nikamtazama yule mtoto, kichwa kinamlegea mgongoni kwa mama yake. Nikaenda kwa msimamizi nikasema.

Usidhani walinipigia makofi. Masanja, Msukuma ninayelala naye chumba kimoja, aliniuliza, "Wewe Muha, nani alikutuma uwe na kiu?" Wenzangu walinisusia ugali siku nzima.

Mpimaji akarudi, safari hii akapanda kwa kushika mizizi mpaka kwenye chanzo chenyewe. Majibu yakawa mabaya: maji yana vijidudu vya kinyesi. Mvua inashusha samadi kutoka kwenye mazizi ya juu. Sasa tunachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, tunazungushia ua, na kufunga tangi la dawa, kisha yapimwe tena. Wenye mazizi wameitisha msaragambo, ndivyo huku wanavyoita kazi ya pamoja, kijiji kizima kinatoka kuyahamisha. Na msimamizi amesema anayeondoka kabla ya kukabidhi, jasho lake linabaki hapa. Sufuria na godoro la Jeni vimo ndani ya jasho hilo.

Bibi Nakijwa naye ameumia. Aliniuliza, "Yaani heshima yangu imekuwa kosa?" Siku hizi yule mtoto anapewa ya kuchemsha na sisi tunapewa mabichi. Tunachemsha wenyewe kambini.

Nikikwambia najivunia nililofanya nitakuwa mwongo. Nikipiga sururu nawaza, ningechelewa tu kwenda kuaga, ningekuwa nyumbani. Halafu nasikia mtoto analia kule juu na nashukuru analia kwa nguvu. Yote mawili yananikaa moyoni, na lile la kwanza ndilo zito.

Barua hii anaileta dereva wa lori la tangawizi. Mpe maji na chakula. Mama Jeni atanuna. Mwache anune, ana haki. Msalimie mama, na shangazi yetu muuza mawese, na baba mkwe wangu, umwambie sijamdharau. Wakwe wapya ukiwapokea, usianze na habari za chemchemi. Sema kazi haijaisha.

Siku yenyewe, mshike Jeni mkono wa kulia. Tangu mdogo, akiogopa hutembea haraka. Usimvute nyuma. Ongeza hatua, uende naye.

Kaka yako,
Zakayo