Maneno ya Mgonjwa

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Koleo zimechemshwa. Sindano zimechemshwa. Wagonjwa tisa kwenye benchi saa mbili asubuhi. Saa tatu wamebaki wanne. Watano walimsikia mwenzao akilia ndani, ghafla wakawakumbuka mbuzi wao. Kila wiki hivyohivyo. Watu hawa wamepita katikati ya risasi, lakini kiti cha meno kikiinamishwa nyuma tu, wanatoka mbio.

Ndiyo maana Daktari Fernandes aliomba ile dawa kutoka Nairobi. Inadungwa mshipani. Mtu halali fofofo, anaelea tu, macho nusu, ukimwambia fungua mdomo anafungua. Hofu yote inamtoka. Kazi yangu ni kushika taya, kuhesabu mapigo na kumsemesha kwa Kisomali mpaka jino litoke. Sanduku lilifika Ijumaa na msafara wa jeshi. Nilifurahi kama mtoto wa Idi.

Furaha ya siku tatu. Leo Afisa wa usalama ameleta amri. Kasikia kwamba dawa hii inalegeza ulimi, naye anawasaka waasi wa msituni. Rejista yetu iongezwe safu ya mwisho: MANENO YA MGONJWA. Mwandishi ni mimi, kwa kuwa ndimi ninayejua lugha. Daktari akachukua rula, akapiga mstari.

Ebo! Mimi ni muuguzi. Sikuajiriwa kuwa sikio la mtu.

Gego langu la chini linapwita tena. Nimebana karafuu. Daktari ameliona, anasema litoke. Halitoki. Kwenye kile kiti mimi sikai. Kaka yangu Farah aliondoka nyumbani mwaka jana na mimi najua alipo. Sitapaandika hata humu.

Jumanne, 2 Agosti

Wawili leo. Mama mmoja, chini ya dawa, alimlilia mamake aliyekufa. Baada yake kijana wa dukani, akamtukana mke wa kaka yake matusi ambayo sikujua yako kwa Kisomali.

Safu ya mwisho, wa kwanza: Alikoroma.
Wa pili: Alikoroma.

Daktari alisoma, akanitazama, akafunga rejista. Mwoga yule. Lakini hakufuta.

Jumatano, 3 Agosti

Mzee Dubow kaletwa kutoka kile kijiji kilichozungushiwa seng'enge, serikali ilikowakusanya wafugaji. Kibali cha kutoka kimemchukua siku tano. Siku tano zote hizo usaha unajaa! Shavu limevimba mpaka jicho limeziba, kidole changu hakipiti katikati ya meno yake. Daktari anasema uvimbe unashuka kooni. Ukifika, hapumui tena.

Mzee mwenyewe hataki kiti. Alimwambia Daktari kwa Kiswahili chake, "Bunduki mimi hapana ogoba. Hii kiti naogoba." Kwangu alieleza vizuri. Alipokuwa na miaka kumi hivi jino lilimvimba, wakamchoma ufizi kwa chuma cha moto, kile cha kuchomea ngamia. Wajomba wanne wamemkalia. Mkubwa wao akamwamrisha ataje baba zake mmoja mmoja, baba, babu, baba wa babu na kwenda juu, bila kukosea, ili asikilize majina asisikilize chuma. Alifika jina la tisa akazimia.

Nilimwapia, "Adeer, hutasikia kitu." Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyowaita wazee huku. Naye akanijibu adeer vilevile, kama ilivyo desturi, mkubwa humrudishia mdogo jina lilelile. Akakubali shingo upande.

Basi nikamuuliza kama amekula. Maana mtu akipewa dawa ile na tumbo limejaa, atatapika na matapishi yatamwingia kwenye pumzi. Wallahi hajala, tangu jana. Daktari ameshavuta dawa kwenye sindano. Mzee akacheua. Harufu ya maziwa ya ngamia, yale ya moshi wa kibuyu! Kumbe amemaliza kibuyu kizima njiani. Nikawaka. Akanishangaa. Kula hakula, amekunywa tu.

Kosa ni langu. Nimekulia hapahapa Garissa, baba yangu wa hukuhuku, najua fika kwamba kwao maziwa hayahesabiwi chakula. Mama yangu wa Lamu angecheka. Nimemlaza wodini asipewe hata maji. Kesho asubuhi.

Alhamisi, 4 Agosti

Afisa hakupendezwa na wakoromaji wangu. Alimtuma konstebo na daftari. Mtu wa bara, hajui hata neno moja la Kisomali. Akavuta stuli karibu na kichwa cha mgonjwa. Nilimwambia chumba hiki si kituo cha polisi. Akasema ameamrishwa. Nikamgeukia Daktari aseme neno. Daktari alikuwa anaosha mikono. Aliosha muda mrefu sana.

Mzee Dubow hangeweza kungoja. Tukaanza.

Dawa ikaingia. Mabega yakalegea. Taya likafunguka kiasi. Daktari alipogusa ufizi tu, mzee akaanza: Dubow, Abdi, Nuur, Gedi, Elmi, Warsame, Roble, Guled, Liban. Ananyamaza, anavuta pumzi, anaanza upya. Konstebo anaandika mbio, jasho linamtoka. Akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anataja majina.

Nimesema kweli tupu, na tumboni nilikuwa nacheka. Andika, bwana! Andika wafu wote hao. Kawatafute.

Usaha ulijaa kikombe. Jino lina mizizi mitatu. Mzee alipozinduka aliuliza tutaanza lini.

Siku nzuri. Nimeimba nikipiga deki.

Ijumaa, 5 Agosti

Wamekamatwa watatu, wakitoka msikitini baada ya sala. Elmi muuza nyama. Gedi wa punda wa maji. Maalim Warsame wa chuo cha Kurani, mzee anayetembea kwa fimbo.

Majina ya kwenye daftari.

Mimi ni mjinga. Majina ya mababu ndiyo hayohayo wanayopewa wajukuu. Ningemwambia konstebo neno moja tu. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kucheka.

Jumamosi, 6 Agosti

Benchi tupu. Hakuna hata mmoja. Mji mzima unajua: ukikaa kwenye kile kiti utataja watu, na watu watachukuliwa. Mke wa Elmi alipita mbele ya hospitali, akaniona, akatema mate chini. Sikumlaumu.

Mzee Dubow bado yuko wodini, homa imeshuka. Hajui aliongea. Akijua ni mdomo wake uliowatia ndani, sijui nitamtazama vipi.

Daktari kasema tusubiri, mambo yatapoa. Nikampasha. Nilimwambia yeye ni daktari wa mdomo wa kila mtu isipokuwa wake. Akachukua kitambaa akaanza kufuta koleo.

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda popote. Nimefua, nimepiga pasi yunifomu. Naogopa. Nikienda kwa Afisa atauliza na mimi ni nani, baba yangu nani, kaka yangu yuko wapi.

Kesho naenda.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimekwenda.

Saa nzima wamenisimamisha juani nje ya ofisi, makusudi, maana palikuwa na kiti na hakuna aliyeniambia nikae. Kuingia ndani namkuta Afisa anakunywa chai. Daftari liko mezani. Nikamwambia yale majina si ya genge. Ni baba yake Mzee Dubow, na baba wa baba yake, na kwenda juu. Wote makaburini. Kama anawataka, achukue jembe.

Akacheka. Hakuna mtu, alisema, anayejua majina manane ya babu zake. Yeye anajua mawili.

Nikamwambia ashike kalamu. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa na bibi yangu wa kwa baba tukikamua mbuzi. Saadia, Yusuf, Aden, Farah, Jama, Hersi, Samatar. Nikaendelea. Farah ndilo jina la baba wa babu, na ndilo la kaka. Sikusita. Nilifika wa kumi na nane nikakaa bila kukaribishwa.

Bado haamini. Anasema nimejifunza njiani. Nikamwambia basi amwite tarishi wake, yule Msomali anayemletea chai, amuulize bila mimi kufungua mdomo. Akaitwa. Akaambiwa ataje baba zake. Maskini alidhani amekosa kitu, akakakamaa, akatiririka bila kupumua. Ishirini na mmoja. Ndani yake akina Warsame wawili, Elmi mmoja na Guled.

Afisa aliweka kalamu chini.

Unajua alisema nini? Eti ningemwambia konstebo siku ileile. Niliumia, kwa sababu ni kweli. Nikamwambia ndiyo, kosa hilo ni langu na nitaliomba msamaha kwa wake wa wale watu. La kumkalisha polisi kichwani pa mgonjwa ni lake. Yeye atamwomba nani msamaha? Na askari hataingia tena chumbani mwangu. Akija, mimi natoka, na Daktari atafute mwingine wa kushika taya na kumbembeleza mtu kwa lugha yake.

Akasema anaweza kunihamisha hata kesho. Nikamwambia anihamishe.

Nikarudi hospitali nikachemsha koleo.

Jumanne, 9 Agosti

Kwa Afisa hakuna habari. Benchi tupu. Gego limeniamka vibaya, karafuu haifui dafu.

Nimemwambia Mzee Dubow. Nilimweleza yote, pamoja na kicheko changu. Alinisikiliza amefumba jicho. Akaniuliza kitu kimoja: katika kutaja, alikosea? Nikasema hakukosea. Halafu akasema wajomba zake wangefurahi, na kwamba mimi ni mpumbavu. Yote mawili nimeyakubali.

Jumatano, 10 Agosti

Wametolewa! Wote watatu, saa nne asubuhi. Hakuna aliyewaambia samahani. Maalim Warsame fimbo yake imebaki huko, wamemrudisha bila.

Nimekwenda nyumba kwa nyumba. Mke wa Elmi alinisimamisha mlangoni, akanisema mpaka akachoka, kisha akanipa maji ya kunywa. Nimemtafutia Maalim fimbo ya hospitali. Anasema ni fupi.

Amri ya kunihamisha haijaja. Amri ya safu haijafutwa pia.

Ijumaa, 12 Agosti

Konstebo alikuja tena. Daftari mkononi.

Nilikuwa nimeshavua aproni. Sikuwahi kufika mlangoni. Daktari Fernandes, ambaye hajawahi kumpandishia sauti hata paka, alisimama katikati ya mlango na koleo mkononi. Akamwambia: hapa anaingia mwenye jino bovu. Una jino bovu? Kaa. Huna? Toka. Konstebo alimtazama, akaitazama koleo, akakitazama kiti. Akatoka. Naye anakiogopa!

Daktari alifunga mlango kwa komeo. Akaketi kwenye stuli, akaomba maji. Mimi nikavaa aproni yangu.

Jumatatu, 15 Agosti

Benchi: watatu. Wa kwanza ni Mzee Dubow mwenyewe, siku ya kurudi kwake kijijini. Ufizi unaziba vizuri. Hakuwa na haja ya kukaa benchini, nilishamwangalia wodini. Alikaa tu, mbele ya watu wote, mdomo wazi, anawaonyesha pengo. Wawili wengine walikuja kwa ajili ya pengo hilo.

Komeo. Dawa. Mmoja alilia, mmoja aliimba.

Alikoroma. Alikoroma.

Afisa asome mpaka achoke. Mji huu wote unakoroma.

Alhamisi, 18 Agosti

Sijalala siku mbili. Uvimbe umefika sikioni. Leo nimekaa kwenye kiti.

Sikunywa hata maziwa. Nilimwambia Daktari naogopa. Sikumwambia naogopa nini. Alishusha pazia, akatia komeo, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Akanifunga mpira mkononi. Nilianza kuhesabu baba zangu kimoyomoyo. Nakumbuka Jama. Nakumbuka Hersi.

Nilipoamka jino lilikuwa kwenye kibakuli. Dogo kuliko nilivyodhani. Daktari alikuwa amenipa mgongo, anaosha mikono. Nilimuuliza nilisema nini. Akasema maji ya mto Tana leo yana matope sana. Hakugeuka.

Basi nilisema.

Alipotoka kwenda kula nikafungua rejista. Mwandiko wake, wino haujakauka. Jina langu, umri, gego la chini kulia, kipimo cha dawa. Nikapeleka kidole mpaka safu ya mwisho.

Alikoroma.

Nimesafisha koleo. Kesho wako watano.