Vigelegele vya Shangazi

Kilifi
2 Mei 2024

Kwa wifi yangu Zakiya,

Amani iwe nanyi nyumba nzima. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, nalo tumeshazoeana. Nahla hajambo? Mumeo simuulizi, kwani ndiye atakayekuletea barua hii ndani ya lori lake la chumvi, na ukimwona utajua kama ni mzima.

Simu zangu hupokei. Nimepiga mpaka yule mwanamke anayesema mteja hapatikani nimemzoea, siku moja nitamtolea salamu. Basi nimeona niandike. Karatasi haikatwi katikati ya maneno.

Zakiya, sijui nimekosa nini. Siku ile ya Idd mtoto alikuwa ameketi karibu nami. Nikamuuliza kama ninavyowauliza watoto wote, "Nahla, umeshiba?" Akanambia, "Bado." Mtoto wa miaka mitano na ushei, hajapata kutamka neno tangu azaliwe, ananambia bado! Ulitaka nifanye nini, ninywe chai? Kwetu mtoto akiota jino, akisimama, akitamka, shangazi ndiye wa kwanza kupiga vigelegele. Kaka yangu Taib alipigiwa, nami nilipigiwa. Shangazi akinyamaza, watu husema mtoto hakutakiwa. Mimi sikujaliwa kuzaa, wajua. Kazi niliyopewa katika ukoo huu ni hiyo moja, nami siku ile niliifanya kwa pumzi zangu zote.

Kama nimekuudhi, nambie. Usininunie kama mke mwenza.

Wifi yako,
Radhia


Muyeye, Malindi
19 Mei 2024

Wifi Radhia,

Shikamoo. Goti lisugue kwa mafuta ya karafuu. Huku ni wazima, kwa mwili.

Umeuliza umekosa nini. Mimi ni mtu wa hesabu, acha nikuhesabie.

Siku ile nyumba yangu ilikuwa na watu ishirini na wawili. Nilimwambia kaka yako wasizidi kumi, akasema Idd ni Idd. Ulipopiga vigelegele, wanawake wanane wakakupokea. Nahla akaziba masikio akaingia chini ya kitanda. Alikaa huko saa sita. Alijikojolea huko huko, akajiuma mkono mpaka alama za meno zikahesabika: saba. Wewe wakati huo ulikuwa ukipokea hongera na sahani ya biriani.

Miezi mitatu nilikuwa nikimfundisha kuketi ukumbini na watu. Nilianza na dakika moja, nikaongeza moja, nikangoja, nikaongeza nyingine, mpaka zikafika kumi na tano. Sasa ukumbini hakanyagi. Anazunguka kwa nje aingie mlango wa nyuma, hata mvua ikinyesha. Na lile neno? Leo siku ya thelathini na tisa. Hakuna.

Wala si hilo lililonichoma. Mimi nilikuwa jikoni, wifi, naepua sambusa. Miaka mitano nalingoja neno moja, na lilipokuja sikulisikia. Nilisikia vigelegele vyako. Watu wanaingia jikoni kunisimulia alivyosema mwanangu, nami mamake nahadithiwa kama jirani.

Watu waniona mimi na viti vyangu na mahema yangu. Nilianza na viti kumi na viwili vya plastiki, leo vimepita mia nne, na harusi nyingi za Muyeye hii zimekaa chini ya hema langu. Furaha za watu nazijua zinavyolia. Ya mwanangu hailii hivyo. Daktari alisema ni usonji, sauti inayokuburudisha wewe yeye yamuumiza kama mtu aliyepigwa kofi la sikio. Nilikwambia haya mwaka jana. Ukanijibu, "Ah, atazoea."

Usije kwa sasa.

Zakiya, mama Nahla


Kilifi
17 Juni 2024

Zakiya,

Salamu za Idd. Natumai mmeamka salama na kuchinja kumekwenda salama.

Sikuja, kama ulivyosema. Waliouliza niliwaambia goti.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Habari ya mkono nilikuwa siijui. Kaka yangu hapa hupita kila wiki, hunywa chai, husema "wazima wote," hupanda lori. Nisamehe kwa mkono. Kwa lile la jikoni sijui hata msamaha wake huombwa vipi.

Sitaandika tena mpaka uniandikie wewe.

Radhia


Muyeye, Malindi
11 Januari 2025

Wifi Radhia,

Shikamoo. Goti lasemaje? Taib aniambia siku hizi unashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja kama bibi harusi.

Umetimiza neno lako. Miezi saba kasoro siku sita hukuniandikia, na sasa mimi ndiye ninayekuhitaji. Nasema wazi kwa sababu sina muda wa kuzunguka.

Nina uvimbe kwenye kizazi. Nitapasuliwa Mombasa tarehe ishirini na saba mwezi huu. Wodini siku tano, mambo yakiharibika hata kumi, kisha wiki sita nisiinue kitu kizito. Nahla ana kilo ishirini na mbili. Dada yangu yuko Maskati na tajiri wake hampi ruhusa. Kabibi anayenisaidia nyumbani humlisha vizuri, lakini saa kumi hurudi kwao Ganda, ana wanawe. Kaka yako amepewa siku nne. Nimepiga hesabu kwa kila upande, jibu linatoka kwako.

Kwanza umjue alivyo sasa. Mimi hutia duara kwenye kalenda kila anapofanya jambo jipya. Tangu Juni nina maduara kumi na sita. Agosti alikubali kukatwa kucha za mkono mmoja. Wa pili tulifika Septemba. Oktoba alikula wali ukiwa na mchuzi kando, visigusane. Novemba alirudi ukumbini, dakika mbili. Binti wa jirani, rika lake, amefika juzuu ya tatu, na mamake alipofanya karamu alikodi viti vyangu themanini. Nilimpelekea, nikampa mkono wa hongera, nikarudi nikatia duara langu, kwani Nahla alikuwa amekubali kuvaa viatu vya kanda. Neno bado halijarudi. Leo siku mia mbili sabini na sita. Na choo ni lazima umpeleke wewe, kwa saa, la sivyo hujifanyia.

Basi, ukija: usimguse kutoka nyuma. Usibadilishe sahani yake ya buluu. Udi usifukize. Mashine ya kusaga nazi usiiwashe akiwa ndani, kuna mbuzi ya kukunia. Akijipiga kichwa, usipige kelele wala usimwombee kwa sauti, weka mto. Wageni hapana, hata mashoga zako wa Shela. Na hilo jingine sitaliandika, walijua.

Nijibu upesi.

Zakiya


Kilifi
16 Januari 2025

Wifi yangu,

Mungu akupe nguvu, akutangulie kisuni na akurudishe. Kwa nini umebeba uvimbe peke yako miezi yote hii kama kiti cha kukodi? Nakuja. Hata ungeniambia nitembee kwa goti hili hili, ningekuja.

Sheria zako nimezinakili kwa maandishi makubwa, nitazibandika ndani ya mlango wa kabati, Nahla asizione akadhani ni zake.

Ile uliyokataa kuiandika nimeifanyia mtihani. Juzi binti wa jirani hapa kaolewa. Nikaenda nikaketi mbele kabisa, mahali pa hatari. Bwana harusi akaingia, ukumbi mzima ukaitikia, mimi nikajifunika mdomo kwa leso. Mwanamke mmoja akaniinamia, "Radhia, jino?" Nikatikisa kichwa, jino. Wa pili akasema, "Basi ling'oe, sherehe imepooza." Nilivumilia mpaka kwenye halua. Nimerudi nyumbani na maumivu ya taya, lakini nimefaulu.

Swali moja. Sheria zako zasema nisifanye nini. Hazisemi, akifanya jambo kubwa mbele yangu, nifanye nini nalo. Mtu hawezi kulimeza tu.

Wifi yako,
Radhia


Muyeye
3 Februari 2025

Kwa Zakiya, huko wodini,

Maumivu yamepungua? Taib aniambia homa ya kidonda ndiyo iliyokuzuia huko, na kwamba umeshawahesabu wauguzi na kumwonyesha sista mkuu zamu isiyotimia. Nikashukuru. Nikajua roho imo.

Nitakwambia kweli yote, hata mbaya. Siku mbili za kwanza Nahla alilala mlangoni, shavu chini, akikungojea. Nikalala naye pale pale, hatua tatu kando. Goti lilinitukana. Siku ya tatu nilisahau, nikampa sahani nyeupe. Ikaruka mpaka ukutani, na kalenda yako sasa ina kamba wa nazi juu ya mwezi wa Machi. Nisamehe. Kabibi aliniangalia kwa huruma akasema, "Mama, huyo humwambii, unamsoma." Sasa namsoma. Akivuta sikio la kulia, kuna sauti mahali mimi siisikii. Mara moja ilikuwa friji ya nyumba ya pili.

Usiku wa tano alisogea. Alilala kichwa kikiwa kwenye mguu wangu, ule mzima. Sikujikuna mpaka alfajiri.

Na kuna jambo, Zakiya. Limetokea jana baada ya adhuhuri. Si baya. Ni kubwa, na sikwambii. Nilipoliona nilitoka polepole, nikapita uani, nikaingia ndani ya stoo yako ya mahema, nikafunga mlango, nikaliuma turubai kwa meno. Kabibi alikuwa sokoni. Taib sikumwambia. Duara sikutia.

Ukiniuliza nitasema sikuona kitu. La kwanza nilikunyang'anya. Hili liko pale, halijahadithiwa na mtu. Utalikuta.

Shangazi yake,
Radhia


Muyeye, Malindi
2 Machi 2025

Wifi yangu Radhia,

Shikamoo, na salamu za Ramadhani. Umefungaje na goti hilo? Mimi daktari amenikataza saumu. Kidonda kimefunga, mshono nyuzi kumi na moja, nimeziona zikitolewa moja moja.

Nianze na ubaya wangu. Nilikuuliza siku ile ile niliyorudi. Ukasema hukuona kitu. Nikakuuliza tena ukinikandia maji, tena ukichambua mchele. Siku kumi na tano tulizokaa pamoja nilikuuliza mara ishirini na tatu, na kila mara unanitazama kama mtu anayetazama bahari. Nahla naye siku tatu hakutaka hata kunitazama, na lolote alilokuonyesha wewe alilifungia. Ulipoondoka tarehe ishirini, Kabibi alipokubali kukaa nami mpaka magharibi, nilishaanza kukushuku. Nilisema, Radhia ameniokotea maneno ya kunifariji mimi mgonjwa. Nilimwambia kaka yako hivyo. Aliniambia niache, nami sikuacha.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kitandani, saa tisa hivi, nakagua orodha ya viti vya futari ya msikitini. Kabibi alikuwa nje anaanua nguo. Saa ya kumpeleka Nahla chooni ilikuwa bado dakika kumi. Nikasikia mlango wa choo. Nikadhani ni upepo. Kisha kimya. Kisha, kutoka ndani ya choo, kwa sauti nene kidogo ambayo sikujua ndiyo yake, kama mtu anayeita karani wa duka:

"Nimemaliza!"

Nililisikia, wifi. Lote. Siku mia tatu ishirini na tatu tangu lile la kwanza, na hili nimelisikia mimi, hakuna aliyenisimulia.

Na wajua nilifanya nini? Mimi mwenye sheria? Mimi niliyekuandikia kurasa mbili? Nilipiga vigelegele. Sikuamua. Vilitoka tu, virefu, mpaka mshono ukavuta nikashika tumbo. Kabibi alitupa nguo chini akaja mbio akidhani nimekufa. Nami nilipojisikia, nikakoma. Nikasema, basi, nimeliua. Nikatazama chini ya kitanda kabla Nahla hajafika, nione kama kuna nafasi.

Hakuingia chini ya kitanda. Alikuja mlangoni bila nguo ya chini, kaziba sikio moja kwa bega. Akanikaribia. Akanifunika mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Akangoja. Akautoa mkono, akanichungulia. Nikacheka kidogo, akaufunika tena. Mara nne, mpaka aliporidhika kuwa nimenyamaza. Kisha akarudi kunawa, maana alikuwa hajanawa, na hilo nililitambua baadaye.

Kwa miaka yote sita mtoto huyu sauti ikimuumiza alikuwa ama anakimbia ama anajiuma. Alhamisi alimwendea anayepiga kelele akamwambia basi. Nimetia maduara matatu siku hiyo: la choo, la neno, la mkono. Nikakwangua nazi kwenye kalenda, nikarudi nyuma mpaka tarehe mbili Februari, siku ya turubai, nikatia la nne, maana sasa najua uliona nini. Hilo ni lako.

Karibu mwaka mzima nilikuhukumu kwa sauti ambayo nami imenitoka bila kuniomba ruhusa. Mkono wake siufuti, alama saba zilikuwa saba, na "atazoea" yako sitaisahau leo. Lakini siku ile ya Idd hukuninyang'anya, wifi. Ulifurahi. Sikujua kuwa vyafanana hivyo kwa nje. Nisamehe nilivyokufungia mlango, na nisamehe nilivyokuita mwongo mbele ya kaka yako. Yeye naye ndiye mchukuzi wa barua hii, acha aone aibu akiibeba.

Idd hii nimealika watu saba. Nimewahesabu mara mbili, na wewe umo. Kila mmoja nimemwambia Nahla akimfunika mdomo asiutoe mkono wake, angoje mpaka autoe mwenyewe. Ukumbini sasa hukaa dakika sita.

Usiniulize utaketi wapi. Utaketi karibu naye.

Wifi yako,
Zakiya