Mwiko Uliobaki Relini

Happy, niko Manyoni relini, nimefanya kituko mpaka sasa nacheka peke yangu

Tunaziba matundu ya misumari kwenye mataruma ya mbao, yale yanayolala chini ya reli. Unapigilia kijiti kwanza ndipo msumari mpya ushike. Vijiti vikaniishia, nikaokota kipande cha mti karibu na jiko, nikachonga, nikagonga mpaka kikazama, msumari juu yake

Kumbe mwiko

MWIKO Happy, wa Mama Redempta anayetupikia ugali

Na ni mama mkwe wa Chediel, msimamizi wetu. Unamjua Chediel, mbele ya mkwe anaongea na viatu vyake. Nikajua leo kazi sina

Mama akaja anautafuta, nikamwonyesha, akaukanyaga ule msumari. "Umeshika?"

Chediel macho chini: "Umeshika, mama."

"Basi uacheni. Leo mtakunywa uji."