Dawa Tatu kwa Mkono Mmoja

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumatano, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha au bado wanabishana? Sisi tunapumua. Nikiandika hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Binti yangu, huyu mwanao fundi cherehani, aliungua mkono wa kulia. Wiki ya nne sasa. Sufuria ya mafuta ya moto ilipinduka jikoni, akaidaka. Jamani, nani anadaka mafuta ya moto? Kazoea kudaka kila kinachodondoka mezani kwake. Sikukuandikia mapema, nilisema nisikutie roho juu, nitaandika akipona.

Siku za kwanza hospitali walimpaka krimu nyeupe, yenye madini ya fedha, ya kuua vijidudu. Kidonda kikatulia, ila juu yake ikabaki ngozi iliyokufa, ngumu, ya manjano. Ndipo wakatupa dawa nyingine ya tyubu, ya kuyeyusha hiyo ngozi polepole ili asikatwe kwa kisu. Muuguzi akanielekeza: osha kwa maji ya chumvi tuliyokupa, paka hii, funga. Basi.

Mimi na woga wangu, mdogo wangu. Maji ya chumvi tu? Niliona kama mzaha. Nikawa namwosha kwa ayodini, ile dawa ya kahawia ya kuulia vijidudu, napaka krimu nyeupe iliyobaki, halafu ndiyo hiyo ya tyubu juu yake. Nilijiambia dawa tatu zitamponya upesi kuliko moja. Siku kumi na mbili, kila asubuhi, na yeye kauma mto asipige kelele.

Ngozi haikusogea hata kidogo. Binti akawa anajilaumu, eti mwili wake mbishi. Nami nikaitikia, nikamwambia ndivyo alivyo tangu utoto.

Juzi Jumatatu, kliniki, muuguzi alifungua bendeji akaona kahawia pembeni.

"Mama, unaosha na nini?"

Nikamtajia zote, tena kwa kujisifu. Akaweka mkasi chini.

"Mama yangu, umeita vibarua, halafu umewafungia mlango nje!"

Akanieleza kwamba kwenye tyubu mna vitu vinaitwa vimeng'enya, ndivyo vinavyokula ngozi iliyokufa. Ayodini na hiyo krimu ya fedha vinavizima. Kumbe kila asubuhi nilikuwa napaka dawa na kuiua hapo hapo.

Binti alikuwa amekaa kitini, anasikia yote. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Mama, kwani ulijua kuliko wao?"



Daktari ametupa mpaka Jumatatu ijayo. Tumeanza upya, maji ya chumvi na tyubu peke yake. Ngozi isipolainika wataikata kwa kisu, na daktari hakunificha, vidole viwili huenda visikunjike tena sawasawa. Wewe unajua maana yake kwa mtu wa sindano. Leo nimeona kama pembeni pameanza kulegea. Sijui, labda ni macho yangu yanavyotaka.

Nakujua, utataka kumpigia simu unitetee. Usinitetee. Mpigie umsikilize tu, wewe mama yake mdogo, kwangu mimi haongei.

Sasa kabla sijagusa mkono wake ananiambia, "Onyesha kwanza." Naonyesha chupa ya maji. Naonyesha tyubu. Nageuza viganja vyangu, mbele na nyuma, kama mtoto aliyeitwa kula. Akiridhika ananinyooshea mkono, anatazama ukutani.

Nisalimie shemeji, pacha wote wawili, na wifi yako yule mwenye maneno. Mungu awafunike nyote, na vidole vya huyu mtoto avihurumie, hata kama mimi hanihurumii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,

Mama Fundi.