Kasha la Juu ya Paa la Mama Kamla

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, ni goti tu linamsumbua.

Unauliza kwa nini vipimo vya makasha yenu huko vimeharibika ilhali mitambo ni mizima. Yalinikuta hayo enzi za Ujamaa, nilipokuwa fundi wa mhadhiri wa fizikia. Habari za foleni za sukari na unga naziacha. Tuliweka makasha manne juu ya mapaa ya nyumba za mtaa wa Mchafukoge, yanase chembe zinazomwagika kutoka angani. Kasha lililopigwa na chembe kwanza lilituonyesha zimetoka upande gani, kwa hiyo mahali pa kila kasha tulipima kwa futi kamba; likisogea kidogo tu, hesabu ya upande inapotoka.

Ghafla daftari likaonyesha zote zinatoka upande wa bahari. Nikafungua kila waya, sikuona kosa. Asubuhi moja nikapanda paa mojawapo bila taarifa, nikamkuta mwenye nyumba, Mama Kamla, analikokota kasha kivulini ili pale penye jua aanike papadi zake, vile vichapati vyembamba vya dengu.

"Jioni nalirudisha," akasema. "Karibu na pale pale."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe uliniambia ni la nini?"

Miezi miwili nilikuwa nampa shikamoo, nasoma vipimo, nashuka. Nikamweleza. Akaenda kuleta rangi ya madirisha, tukalirudisha kasha mahali pake kamili, akachora mstari kulizunguka, papadi zikahamia kona nyingine. Vipimo vyote vya nyuma tulivitupa.

Hapo mlipoweka makasha yenu, Rehema, anaishi nani?

Babu yako